Bibiana na Mlima wa Mamboya

Ukishuka basi Dumila una njaa, uliza kwa Mama Imani. Watu watakuonyesha. Hapo utapata supu ya kuku, wali, maharage na maneno ya kuchekesha. Jina lake hasa ni Bibiana. Imani ni binti yake, ambaye ameolewa Morogoro.

Jiko la Bibiana liliwaka kabla jua halijatoka. Mabasi ya Dodoma yalipofika, abiria walishuka mbio, na kila mmoja alitaka kuhudumiwa kwanza. Bibiana alikaa kwenye kiti chake katikati ya masufuria. Upawa ulikuwa kulia, sahani zilikuwa kushoto, na ndoo ya maji ilikuwa miguuni. Hakuhitaji kuinuka. Alionja mchuzi, akaonja wali, akamalizia chapati zilizovunjika. Joto lilipozidi, alikunywa soda baridi. Chakula chake mwenyewe alikila usiku. Alijaza sahani, akala, akalala.

"Mimi nafanya kazi kuliko punda," alipenda kusema.

Ilikuwa kweli. Lakini iliyofanya kazi ni mikono. Miguu ilipumzika kutwa.

Mume wake, Cleopa, alikuwa fundi wa pancha upande wa pili wa barabara. Alikuwa mtu wa utani. Walipendana, na walikula vizuri. Mwaka hadi mwaka magauni ya Bibiana yalimbana, naye akashona mengine. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua kilikuwa mlima.

Mama yake, Bibi Lea, aliishi Mamboya, juu milimani. Bodaboda hufika hadi kwenye kijito. Kuanzia hapo ni kwa miguu. Njia ni nyembamba, ina mawe, na inapanda tu. Zamani Bibiana aliipanda na dumu la maji kichwani. Sasa alikuwa hajafika nyumbani kwa mama yake kwa miaka mitatu. Kila mara alikuwa na sababu. Mara wateja ni wengi, mara mvua imenyesha, mara goti linauma.

Baada ya Pasaka, mdogo wake Kasiani alibatizisha mtoto wake. Sherehe ilikuwa nyumbani kwa Bibi Lea. Safari hii Bibiana hakuwa na sababu.

Alivaa kitenge kipya. Yeye na Cleopa walishuka kwenye bodaboda pale kijitoni, wakaanza kupanda. Hawakufika mbali. Kifua cha Bibiana kilianza kupanda na kushuka. Mapaja yalitetemeka. Aliona jiwe kubwa kando ya njia, akakaa.

"Nenda na zawadi," alimwambia mumewe. "Nitakuja polepole."

"Nikuache njiani kama mzigo?"

"Nenda, Cleopa. Watu wanasubiri."

Cleopa alisita, kisha akaenda. Bibiana alijaribu tena, akakaa tena. Watoto walimpita wakikimbia. Mzee mmoja mwenye mkungu wa ndizi begani alimpita pia. Bibiana alimwamkia, "Shikamoo," na mzee akaitikia, "Marahaba, mama. Pumzika, pumzika." Bibiana aliona aibu kuliko kama angetukanwa.

Vigelegele vilisikika kutoka juu. Mtoto alikuwa amepewa jina, naye hakuwepo.

Baadaye alisikia fimbo ikigonga mawe. Mtu alikuwa anashuka. Alikuwa Bibi Lea, ana umri wa zaidi ya miaka sabini, amebeba chakula kwenye bakuli lililofungwa kwa khanga.

"Mama! Shikamoo. Kwa nini umeshuka?"

"Marahaba, mwanangu. Umeshindwa kuifuata sherehe, basi sherehe imekufuata. Kula."

Wakacheka wote wawili. Bibiana alianza kula. Bibi Lea alimtazama, kisha akasema taratibu, "Bibiana, miguu yangu nayo imechoka. Mwaka huu nimeshuka. Mwakani sijui. Nikishindwa kushuka, na wewe ukishindwa kupanda, tutaonana wapi?"

Bibiana aliliweka bakuli chini.

Aliporudi Dumila, aliapa kwamba atapungua, tena upesi. Alinunua kwa mchuuzi wa stendi chai ya kupunguza tumbo. Aliacha kula asubuhi na mchana. Akajifunga mfuko wa nailoni tumboni chini ya gauni, akakimbia kwenda na kurudi nyuma ya nyumba hadi akaona giza.

"Mke wangu, unajiandaa kwenda jeshini?" Cleopa aliuliza.

"Niache. Najua ninachofanya."

Hakujua. Chai ile ilimharisha. Goti likavimba. Alikuwa na hasira kutwa nzima, hata wateja wakaanza kumwogopa.

Siku moja mchana, alikuwa anampakulia supu dada mmoja aliyekuwa mgeni pale Dumila. Ghafla masufuria yakazunguka. Upawa ulimponyoka. Yule dada aliruka, akamdaka kabla hajaanguka kwenye moto. Akamlaza chini kivulini, akamwinua miguu, akamlegeza nguo. Akauona ule mfuko wa nailoni.

Bibiana alipofumbua macho, dada alimuuliza, "Shikamoo, mama. Unanisikia?"

"Marahaba. Nakusikia."

"Umekula nini leo?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Chai tu. Ya kupunguza tumbo."

Dada alitikisa kichwa. "Chai hiyo inakutoa maji, haikutoi mafuta. Na nailoni inakutoa jasho tu. Ukinywa maji, uzito ule ule unarudi. Ulikuwa unajikausha, mama, kama dagaa."

Bibiana alikuwa mgonjwa, lakini alicheka.

Dada huyo aliitwa Salome. Alisomea ualimu wa mazoezi, kisha akafanya kazi miaka kadhaa kwenye hoteli moja Mikumi. Mume wake alihamishiwa Dumila, naye akamfuata. Alikuwa amefungua chumba cha mazoezi nyuma ya ghala la mahindi.

Kesho yake Bibiana alikwenda kumwona. Alitarajia mashine kubwa. Alikuta viti, mikeka, vyuma vichache na madumu yaliyojazwa mchanga.

"Mwalimu, nataka kupungua," alisema.

"Upungue ili ufanye nini?"

"Nipungue tu. Niwe kama wewe."

"Huwezi kuwa mimi, na mimi siwezi kupika kama wewe. Niambie, mwili wako unakukatalia nini unachokitaka?"

Bibiana alivuta kiti, akakaa. Kisha akasimulia habari ya jiwe, vigelegele, na mama yake aliyeshuka na bakuli. Alipomaliza, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Basi lengo letu ni hilo," alisema Salome. "Kupanda hadi kwa mama bila kukaa njiani. Uzito unaweza kupungua sana au kidogo. Mlima tutaupanda. Tujipe muda hadi mvua za kwanza za kupandia."

"Mbali hivyo? Mimi nilitaka mwezi ujao!"

"Uliharakisha, ukaanguka. Safari hii tutakwenda taratibu, tufike. Lakini kwanza nenda zahanati wakupime presha na sukari, na waangalie hilo goti. Sianzi na mtu ambaye hajapimwa."

Zahanati walikuta sukari yake haina shida. Presha ilikuwa juu kidogo. Mganga alimruhusu kufanya mazoezi mepesi, akamwambia apunguze chumvi na arudi kupimwa. Goti halikuwa na jeraha. Lilihitaji kupumzishwa, na misuli ya paja iliyo imara.

Goti lilipotulia, walianza. Salome aliweka kiti. "Kaa. Sasa simama bila kushika kitu."

"Ndiyo mazoezi hayo? Kukaa na kusimama?"

"Jaribu."

Bibiana alisimama, akakaa, akasimama tena. Mara mapaja yakawaka moto. Akamtazama Salome kwa macho ya mshangao.

"Umeona?" alisema Salome. "Paja ndilo injini ya mlima. Usipolitumia, linalala. Sasa tunaliamsha."

Baada ya hapo alisimama mbele ya ukuta, akausukuma kwa mikono. Akapanda na kushuka tofali moja. Mwishoni walitembea kuelekea darajani.

"Nitajuaje kama nakwenda mwendo mzuri?" Bibiana aliuliza.

"Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo ni huo. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza. Na kifua kikibana au kizunguzungu kikija, simama kabisa, uende hospitali. Hapo hakuna ushujaa."

Bibiana alikuwa mwimbaji wa kwaya. Aliimba ubeti mzima kwa sauti ya juu, watu wa barabarani wakageuka.

"Mama Imani!" Salome alisema huku akicheka. "Hiyo ni pumzi ya mtu anayetembeatembea tu. Ongeza mwendo!"

Walikubaliana kukutana alfajiri, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Bibiana hakutokea. Siku ya pili akachelewa. Ya tatu hakuja tena. Salome alikasirika. Akaenda hadi kwenye mgahawa kumwambia kwamba mazoezi si mchezo.

Alimkuta katikati ya moshi. Supu ilikuwa inachemka, basi limesimama, watu wanapiga kelele. Salome akakaa pembeni, akangoja asubuhi nzima. Mabasi yalipopungua, alimsogelea.

"Nimekosea, Mama Imani. Nilikupangia ratiba ya mtu wa ofisini. Wewe alfajiri ndiyo kazi yenyewe. Saa kumi jioni unafanya nini?"

"Nasinzia hapa hapa kwenye kiti."

"Basi saa kumi itakuwa yetu. Na hiki kiti tukitoe."

"Kiti changu?"

"Kikae kule kwenye nguzo. Utakaa wakati wa kupumzika tu. Ndoo ya maji tuiweke kwenye kona ile. Kila ukitaka maji, utatembea."

Bibiana alikitazama kiti chake kama mtu anayemuaga ndugu. Lakini alikitoa.

Jambo la chakula lilimtia hofu zaidi. Alidhani ataambiwa aache ugali. Salome alichukua sahani, akaigawa kwa kidole.

"Nusu iwe mboga za majani, kama matembele. Robo iwe ugali au wali. Robo iwe maharage, samaki au kuku. Asubuhi kula, mchana kula, na jioni kula mapema. Ukiwa na njaa siku nzima, usiku utakula sufuria."

"Na soda?"

"Soda ni sukari iliyobadilishwa jina. Kunywa maji. Siku ya sherehe, kunywa yako moja kwa furaha. Na unapoonja mchuzi, onja kwa kijiko cha chai. Huo upawa wako ni mlo kamili!"

Baada ya muda, pumzi ya Bibiana ilianza kurefuka. Usingizi wake ukawa mzuri. Lakini watu nao wana midomo. Mteja mmoja wa siku nyingi aliuliza, "Mama Imani, mbona shavu limeshuka? Unaumwa?" Mwingine alimuuliza Cleopa kama biashara imeyumba.

Jioni hiyo Cleopa alikuwa amenuna.

"Watu wanadhani nakunyima chakula," alisema. "Unatembea barabarani na kaptura ndefu, unasukuma kuta. Mimi wananicheka."

"Cleopa, kesho njoo tutembee wote. Ukiona ni upuuzi, nitaacha."

Cleopa alikubali haraka. Alijiona mtu wa nguvu, kwa sababu alifungua matairi ya malori. Siku ya pili alitoka kwa mbwembwe, akamwacha mke wake nyuma. Kabla ya kufika darajani alikuwa ameshika kiuno, mdomo wazi.

"Bibiana," alihema, "kuna gari linanifukuza?"

"Hapana. Ni mimi nakupita."

Alimpita kweli. Cleopa alirudi nyumbani akijikanda kiuno. Usiku aliuliza, "Huyo mwalimu wako anapokea na wanaume?"

Hata hivyo, mambo hayakwenda vizuri kila wakati. Kuna mwezi mizani aliyokuwa ameinunua ilikataa kusogea. Bibiana alipanda juu yake asubuhi na jioni. Ilionyesha uzito ule ule. Akaona anachelewa. Siku ya kupumzika, bila kumwambia Salome, alibeba madumu mawili ya mchanga akapanda na kushuka ngazi za kanisa. Kesho yake goti liliuma tena.

Alikwenda kwa Salome akichechemea. "Naacha, Mwalimu. Nimejitesa bure. Mizani haioni."

Salome alilishika goti, akalitazama. Halikuwa limevimba sana. "Siku ya kupumzika ni sehemu ya mazoezi," alisema. "Misuli hujengeka ukiwa umelala, si ukiwa umebeba dumu. Goti lipumzike kwanza. Likipona, nikupeleke mahali."

Goti lilipopona, alimpeleka nyuma ya shule, kwenye mwinuko mkali ambao walikuwa wamejaribu kuupanda mara moja tu, mwanzoni kabisa.

"Siku ile ulisimama wapi?" Salome aliuliza.

"Pale chini, kwenye nguzo ya umeme. Nilidhani moyo utatoka."

"Panda."

Bibiana alipanda. Aliipita nguzo. Alihema, lakini miguu iliendelea. Mara hakukuwa na mwinuko tena mbele yake. Aliona paa za Dumila, magari barabarani, na mashamba hadi mbali. Aligeuka kumtafuta Salome. Mwalimu alikuwa bado anapanda.

"Mizani inajua kilo tu," Salome alisema alipofika. "Haijui pumzi, haijui nguvu, haijui presha. Umerudi zahanati?"

"Bado."

Alirudi wiki ile. Presha ilikuwa imeshuka, iko sawa. Mganga alimpima mara mbili ili ahakikishe, kisha akampongeza. Bibiana aliacha kuipanda mizani kila siku. Ilipofika miezi ya mwisho wa mwaka, magauni yake yalimpwaya, na fundi cherehani akapata kazi ya kuyapunguza.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku mmoja. Ardhi ikanukia. Salome alimwambia, "Mama Imani, wakati umefika."

"Twende wote?"

"Hapana. Mimi ni mwalimu wako tu, kule ni kwenu. Anza polepole. Hatua fupi. Usikimbize sehemu ya kwanza."

Cleopa alitaka kumsindikiza, lakini Bibiana alikataa kwa upole. Alishuka kwenye bodaboda pale kijitoni, akafunga khanga kiunoni, akaanza. Hatua fupi. Jasho lilimtoka. Kifua kilifanya kazi, lakini hakikumbana. Alisalimiana na watu njiani, akaweza kujibu maneno yao. Hakukaa mahali popote. Mara akauona uwanja wa nyumba ya mama yake, kuku wanachakura, moshi unafuka jikoni.

"Hodi! Hodi hapa!"

Kimya. Jirani alichungulia. "Mama yako yuko shambani, kule juu. Anapanda maharage. Msubiri hapa, atarudi."

Bibiana aliangalia juu. Shamba lilikuwa mbali zaidi, na njia yake ilikuwa kali kuliko ile aliyokwisha kuipanda. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikunywa maji, akavuta pumzi. Kisha akaendelea kupanda.

Bibi Lea alikuwa ameinama na jembe. Alisikia nyayo, akainua kichwa. Alimwona binti yake anakuja peke yake, anahema, bila taarifa. Jembe likamponyoka.

"Bibiana! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Cleopa mzima? Imani?"

"Wote wazima. Nimekuja kukusalimia. Shikamoo, mama."

Bibi Lea hakuitikia. Alimtazama usoni, akamtazama miguuni, akatazama bonde lote kule chini. Alisema kitu kwa Kikaguru, kwa sauti ndogo, jina alilomwita Bibiana alipokuwa mtoto. Kisha akamkumbatia, mikono ikiwa bado na udongo.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Akajifuta macho kwa khanga. "Umepanda mwenyewe?"

"Kwa miguu yangu."

"Na umekuja kunisalimia tu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi salamu nimezipokea. Jembe la pili liko pale. Mvua haitusubiri."

Bibiana aliangua kicheko, akaenda kulichukua. Walipanda maharage hadi jioni, mmoja akichimba, mwingine akidondosha mbegu. Walizungumza habari zote za miaka mitatu.